Dumu Moja Halitufikishi Tena Ifakara

Mbingu, Alhamisi, Aprili 1996

Mvua ilianza kabla hatujaamka na mpaka sasa, jioni, haijakatika. Uwanja wote ni tope. Milima imefunikwa na mawingu, haionekani hata kidogo. Mgongo unaniuma tangu asubuhi, lakini mgongo wangu umekuwa ukiuma mwezi mzima, kwa hiyo sikuushughulikia.

Ninaogopa.

Neno hilo naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema ndani ya nyumba hii. Nikilisema, Kosmas ataacha chakula aende tena kulala chini ya gari lake, na atarudi na mgongo umelowa na uso wa mtu aliyeshindwa. Mume wangu huyu akiogopa hufungua nati. Mimi nikiogopa huandika. Hakuna kati yetu anayepata nafuu.

Jumatatu nesi Theofrida wa zahanati alinishika tumbo, kisha akaongea kwa ile sauti ya upole inayonitisha kuliko ukali wake.

"Dada, wewe una kovu. Uchungu ukianza usije kwangu. Nenda Ifakara moja kwa moja, na usingojee uzidi."

Najua nina kovu. Mimi ndiye ninayelibeba. Mimba ya kwanza nilipelekwa Ifakara kwenye trela la trekta, nimelala juu ya magunia ya mpunga, Kosmas amenishika kichwa kisigonge mbao. Tulifika tumechelewa. Walinipasua, wakaniokoa mimi. Mtoto wetu hakulia.

Gari hili lilinunuliwa kwa sababu ya trela lile. Watu wanadhani Kosmas alitaka kujionyesha, na kweli alijionyesha kidogo. Pikapu ya dizeli yenye tabo! Kila aliyepita alielezwa kuhusu hiyo tabo, kwamba moshi unaotoka unazungusha feni ndogo, na feni inaisukumia injini hewa nyingi, na ndiyo maana gari lina nguvu na halili mafuta. Alimweleza hata paroko. Aliupenda mluzi wake hasa, ile "fiiii" nyembamba akikanyaga mafuta kwenye mlima. Nikiwa jikoni niliusikia mluzi ule kabla sijalisikia gari, nikajua baba wa nyumba anarudi.

Dumu moja la dizeli lilitupeleka Ifakara na kuturudisha, na ilibaki ya kufikia stesheni.

Halafu, wiki chache zilizopita, gari likaanza kunywa. Siwezi kuliita vinginevyo. Likawa linatoa moshi mweusi kama tanuru la matofali, kwenye mlima linajivuta, na ule mluzi ukapotea. Mshale wa mafuta unashuka ukiutazama.

Kosmas alianza na wauza dizeli. Akasema wanachanganya maji. Akanunua kwa mtu mwingine, hali ikawa ileile. Akajaza upepo tairi zote. Akainua gari gurudumu moja baada ya jingine, akizungusha kwa mkono asikie kama breki zinashika. Hazishiki. Akafungua kopo la chujio la hewa, akalitoa chujio, akalitazama juani, safi. Akalirudisha. Siku ya pili akalifungua tena, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko uleule. Bado safi.

Fundi Mbaruku, ambaye zamani alitengeneza matrekta kule kwenye mashamba ya miwa, akasema ni nozeli, vile vinavyoipulizia injini dizeli. Wakazing'oa, wakazisafisha, wakazirudisha. Moshi ukawa uleule.

Tulipanga niende mapema kwa shangazi yangu Viwanja Sitini, palepale Ifakara, nikae karibu na hospitali ningojee siku zangu. Ijumaa iliyopita tuliondoka. Dumu zima ndani ya tenki. Hatukufika hata nusu ya njia, gari likakohoa, likazima katikati ya mashamba ya mpunga. Sitasahau ule ukimya. Chura tu, na Kosmas akipiga usukani taratibu kwa kiganja. Lori lililokuwa linakwenda Mlimba likatugawia mafuta kidogo, na kwa kuwa nyumbani kulikuwa karibu kuliko mjini, Kosmas akageuza. Njia nzima nilikuwa nahesabu vijiji na kujiuliza, ingekuwa ndiyo siku yenyewe, ningezalia kwenye kijiji kipi?

Wapo wanaosema nipande treni. Treni ya abiria ikishapita imepita, na inayofuata si ya kesho. Uchungu hauna tiketi.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nusu kitenge cha marehemu mama kimepotea. Kile cha kahawia chenye maua ya njano, kilichochakaa mpaka kikawa laini kuliko nguo yoyote ninayoijua. Kwetu mtoto hupokewa na nguo ya bibi yake. Siku ya trela tulikisahau nyumbani kwa haraka, na mtoto wetu alizungushiwa shuka la watu. Safari hii niliapa hakitatoka mkononi mwangu. Nilikwenda nacho hata Ifakara tulipokwenda kununua vitu vya mtoto, nikakikunja juu kabisa ya kapu. Tulipofika nyumbani kapu lilikuwepo, beseni lilikuwepo, sabuni zilikuwepo. Kitenge hakikuwepo.

Siku ile mto ulikuwa umejaa na mimi walinivusha kwa mtumbwi, mbali na gari na mizigo. Nikajua maji yamekichukua. Nikalia kimya kimya, nikajiambia mama amekataa. Ujinga, najua. Kanisani ningeona aibu kulisema. Lakini tangu siku ile kila mtoto akinipiga teke nashukuru, na akitulia nashika tumbo kwa mikono yote miwili na siwezi kufanya kazi nyingine mpaka acheze tena.

Sasa niandike ya leo.

Asubuhi Mbaruku alikuja na mvua yake. Akamwambia Kosmas awashe, akasikiliza, akaangalia moshi, akajifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Kisha akanigeukia mimi. Nadhani aliogopa kumwambia mwenye gari.

"Shemeji, tabo imekufa. Hii kitu sisi huku hatuifungui. Mpaka Dar."

Gari likienda Dar, mimi nabaki na nini? Na trela. Nikashika nguzo ya baraza, nikawa nahema. Kosmas, injini bado inanguruma, akaniuliza kwa sauti kama naumwa.

Nilikuwa na hasira. Nikamjibu vibaya.

"Siumwi, nakosa pumzi! Mtoto amenikaba huku juu. Nakula chakula cha watu wawili na hata chooni sifiki, kama hilo gari lako!"

Mbaruku alicheka mpaka akashika boneti. Kosmas hakucheka. Alinitazama kifuani, akatazama gari, akanitazama tena, mpaka nikataka kumuuliza kama amechanganyikiwa. Kisha akazima injini, akachukua spana, akaenda mbele. Safari hii hakugusa kopo la chujio. Alifungua bomba linaloleta hewa kwenye kopo hilo, lile linaloanzia pembeni ya rejeta na kukunja kona ndani kwa ndani. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Kuna kitu humu," alisema.

Mkono haukutosha. Wakakunja waya wa uzio, wakavuta. Kikaanza kutoka polepole, cheusi, kirefu, kama utumbo wa kuku. Tope limegandia, pembeni kumechanika, katikati pamebaki upenyo mdogo ambao gari la watu lilikuwa linapitishia pumzi wiki zote hizi. Kosmas akakikung'uta kwenye mvua, na maji yakakiosha kidogo, nikaona njano.

Nilikaa chini palepale barazani.

Kila anayepita njia hii masika anajua utaratibu wa mtoni. Unazima injini, unaziba mdomo wa bomba la hewa kwa nguo ili maji yasiingie, na wanaume wa pale wanasukuma gari hadi ng'ambo. Kosmas aliziba kwa taulo lake, na ng'ambo alilichomoa mwenyewe, akalikamua. Kumbe, tulivyokisia, alipokuwa amenishika mkono kunipeleka mtumbwini, Mzee Likwata, mkubwa wa wasukumaji, alikuwa ameshaziba. Alichukua nguo ya kwanza aliyoiona juu ya kapu, akaisokomeza ndani sana, kwa wema kabisa, akaenda nyuma kusukuma. Kosmas akaja, akaweka taulo juu yake. Ng'ambo kila mtu akadhani nguo imetolewa. Gari lilipowashwa likaivuta ndani kwenye kona.

"Shikamoo yake Mzee Likwata," Kosmas alisema, "nitampelekea mwenyewe." Sikuweza kujua kama anacheka au analia. Nadhani yote mawili.

Aliwasha akaenda mpaka stesheni na kurudi. Nilisimama barazani na kitenge kibichi mkononi. Moshi ulikuwa mwembamba, wa kawaida. Na alipokanyaga mafuta pale kwenye mwinuko wa kanisa nikausikia mluzi. Mbaruku aliinua mikono yote miwili juu, utadhani yeye ndiye aliyeutengeneza.

Ningependa kuandika kwamba hofu imeisha. Haijaisha. Imebadilika tu mahali pa kukaa. Kitenge kilichokuwa kimpokee mtoto ndicho kilichokuwa kinamzibia njia, na sijui nilichukulieje hilo. Mama alikuwa ananizuia? Au alikuwa anangoja mle ndani nimtoe? Nimekiosha mara mbili kwa sabuni, tope bado linatoka. Nimekianika juu ya jiko la mkaa, kinatoa mvuke, na nyumba nzima inanuka mto.

Na dizeli ni ile iliyomo, dumu moja tulilonunua baada ya Ijumaa ile, imepunguzwa na safari ya stesheni. Nani atatuuzia nyingine, na malori hayajapita tangu jana? Mluzi si kipimo. Kipimo ni barabara. Hatujui bado kama gari limerudia ulaji wake wa zamani, tunaamini tu.

Tumekubaliana kuondoka kesho alfajiri. Kosmas ameshapakia beseni na kapu. Sasa amekaa mlangoni anaitazama mvua, na ameligeuza gari likatazama barabarani, jambo ambalo hafanyi kamwe.

Nimeacha kuandika kidogo. Nimerudi.

Nilitaka kukudanganya hata wewe, daftari. Mgongo huu si ule wa mwezi mzima. Huu unakuja, unabana mpaka chini ya tumbo, unaachia, nageuza ukurasa, unakuja tena. Umekuwa hivyo tangu nilipoanza kuandika kuhusu trela. Sikumwambia kwa sababu nilitaka iwe kesho. Nilitaka kwanza tujue kama dumu linatosha. Nilitaka kitenge kikauke.

Nesi alisema nisingojee uzidi.

Nimekitoa juu ya jiko. Bado kibichi, na upande mmoja kina moto. Nimekifunga kiunoni hivyohivyo, mafundo mawili, hapa hakuna Mzee Likwata atakayekifikia. Mtoto amecheza sasa hivi, nimemsikia.

Namwita Kosmas awashe gari.