Imbwa ya Madamu na Plafon

Jumanne jioni, Kimanga

Hii imbwa aliyotuachia madamu jirani, alipokimbia vita kwenda Bujumbura, ni ndogo kama kuku, masikio wima, miguu kama njiti, lakini haiogopi mtu. Leo askari waliingia kutafuta vijana. Iliwabwekea, kisha ikakaa katikati ya sebule, ikaangalia plafon, dari yetu, na kutikisa mkia. Kaka Amisi alikuwa amejificha kule juu.

“Iko naangalia nini?” mmoja akauliza.

“Panya, chef. Hii iko napenda panya sana,” nikamjibu askari huyo.

Wakacheka, wakatoka.

Amisi aliposhuka akaibeba, akaibusu. Nilitamani kuwapiga wote wawili.

Lakini askari wa mwisho kutoka hakucheka. Aliangalia plafon tena, ndipo akafunga mlango polepole. Amisi hawezi kulala hapa leo. Wapi, sijui bado.