Kikao cha Mtu Mmoja

Ofisi ya Mfuko wa Baba,
Ghorofani, juu ya duka la mashuka.
Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Mbishi,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, na pole na baridi ya huko. Kabla ya yote, mgongo vipi? Mara ya mwisho ulisema unalala sakafuni, nikacheka, halafu siku nzima nikawa na wasiwasi. Wifi yangu hajambo? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto limeanza kugombana na ngazi za ofisi. Nyumba ipo salama. Imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Ni mwezi wa tisa sasa tangu tumzike shangazi, na wadhamini wa mfuko tumebaki wawili, mimi na wewe. Ndiyo maana naandika. Jambo lenyewe haliingii kwenye simu.

Unalikumbuka sharti la Baba kwenye hati: hakuna uamuzi mpaka kila mdhamini aseme lake akiwa ameketi kwenye kiti chake, mdogo akianza. Alikuwa seremala, viti alivitengeneza mwenyewe, na aliamini mtu aliyekaa vizuri hasemi ovyo. Basi vikao vitatu vilivyopita nimekaa peke yangu. Kila mara nilikutumia taarifa, na kila mara ukajibu, "Amua tu dada, mimi nakubali." Wewe, uliyebishana na Baba juu ya rangi ya mlango mpaka mlango ukabaki bila rangi.

Sikuweza kuandika kwenye kumbukumbu kwamba umekubali. Nani angeamini? Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti chako, nikabisha kwa niaba yako, kwa sauti, kisha nikahamia kwangu nikajibu. Cheka tu, ruksa. Fundi wa miguu ya bandia, yule anayewatengenezea watoto wa mfuko, alinikuta katikati ya hoja zako. Alisimama mlangoni na mguu mmoja wa mbao kwapani, akasema kwa adabu zake zote, "Malizeni tu kikao, mama, nitasubiri." Na alisubiri kweli. Mpaka leo nikimwona naangalia pembeni.

Sasa lenyewe. Mwanasheria anataka mpango wa miaka kumi na tano kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na njia ni mbili. Ama tubaki na maduka yote mawili aliyotuachia Baba, tutumie kodi ya pango tu, tuhudumie watoto kumi na wawili kwa wakati mmoja, na mfuko udumu mpaka wajukuu waukute. Ama tuyauze, tuwachukue wote thelathini na wanane wanaosubiri, tutenge fedha za kuwabadilishia miguu mpaka yule mdogo kabisa aache kurefuka, kisha tufunge. Unajua mguu wa bandia wa mtoto haumalizi miaka miwili. Mtoto anakua, mguu haukui.

Yule binti wa fundi viatu alikuja akiwa na miaka sita. Sasa ana tisa, na bado ni wa ishirini kwenye orodha. Baba yake anaendelea kumshonea kiatu kimoja. Zamani alikuwa akiniuliza lini zamu ya bintiye itafika, siku hizi ananisalimia tu na kupita.

Kwenye kikao cha juzi ulianza wewe. Ulisema Baba hakufikiria kudumu, alimwona mtoto wa jirani anatambaa akachukua mbao, akamchongea mguu. Ulisema tunatunza maduka vizuri kuliko tunavyotunza watoto. Nilipohamia kwangu kujibu, nikataja jina la Baba, nikataja wajukuu, nikajisikia naongopa. Nikafunga daftari. Ulinishinda, mdogo wangu, na hukuwepo.

Nitakwambia kwa nini nilitaka mfuko udumu. Ndicho kitu pekee kilichobaki kinachokufanya unitafute. Kila baada ya miezi mitatu jina lako linatokea kwenye simu yangu, hata kama ni kwa maneno matano. Zaidi ya hapo ni mimi na redio. Mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, nimewakalisha watoto thelathini na wanane kwenye foleni ili mdogo wangu anijibu ujumbe. Naona aibu kuliandika, lakini nikilificha nitazidi kuwa peke yangu nalo.

Nimechagua tuuze. Saini yangu ipo kwenye fomu niliyoiambatisha, imebaki yako. Usisaini kwa sababu dada kasema. Isome, bisha, andika pembeni kwa mwandiko wako ule wa kuku, ila usichelewe. Ukishasaini, baada ya miaka hiyo hatutakuwa na kikao tena, mimi na wewe. Hilo linaniogopesha kuliko ngazi, na bado nakuomba usaini.

Nisalimie wifi, nisalimie mapacha, na yule mtoto wenu wa mwisho, Kifungo, mwambie shangazi yake anamjua kwa picha moja tu, na humo amegeuka kisogo. Fundi wa miguu naye anakusalimu, anasema hoja zako zilimwingia. Mungu aunyooshe mgongo wako, awafunike nyote hapo mlipo.

Dada yako,
anayekupenda hata pasipo na ajenda.