Nilivyokunywa Dawa ya Kupaka

Ijumaa, Julai 1949. Matisi, Kitale.

Mvua haijaacha tangu alfajiri, na baridi ya huku haina adabu. Kifua kimebana, pua imeziba, sauti imekauka kabisa. Stesheni sikwenda, makaratasi yatangoja. Lakini leo nina furaha, na niandike sababu kabla mke wangu Nasimiyu hajaanza tena kunicheka.

Mama mkwe yupo. Amekuja kutoka Matulo kwa ubatizo wa mtoto wetu Jumapili, na analala kwa jirani. Kwetu Wabukusu mama mkwe halali kwa mkwewe, hamtazami usoni wala hasemi naye. Heshima hiyo sina ugomvi nayo. Kinachoniuma ni kingine. Tangu nimuoe binti yake, miaka mitatu sasa, hajawahi kuniita mwanangu. Mimi kwake ni "yule wa kalamu". Alitaka mkwe wa jembe, si karani.

Mchana Nasimiyu alikwenda dukani kwa Kalasinga kununua sabuni, mtoto mgongoni. Nikabaki peke yangu ndani ya blanketi, namsikia mama mkwe akitwanga kitu katika jiko letu la nje. Baadaye vikombe viwili vikawekwa kizingitini. Yeye mwenyewe akasimama pembeni, amenipa mgongo, akaanza kusema na kuku.

"Wewe kuku, mwambie mwenye nyumba, hiki cha huku..."

Hapo kikohozi kikanishika. Nilipopata pumzi alikuwa anamalizia: "...ndiyo ya kupaka kifuani. Haya." Akaenda zake.

Ya kupaka ni ipi sasa? Kumwita ni mwiko, na hata kama si mwiko, sauti iko wapi? Vyote viwili vina rangi ya manjano, vyote vinatoa mvuke, na pua yangu hainusi kitu.

Nikiviacha atasema namdharau. Nikafumba macho, nikanywa cha kwanza.

Lo! Samli na kitunguu saumu!

Nilimeza yote, machozi yananitoka. Cha pili nikajipaka: asali, ndimu na tangawizi. Blanketi likaning'ang'ania kifuani, kulibandua ikawa kazi.

Nasimiyu aliporudi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha, bila huruma, akatoka kwenda kumweleza mama yake. Jamani, niliona aibu! Nikajua nimekwisha: yule wa kalamu hata cha kunywa hakijui.

 Halafu kutoka jikoni nikasikia kicheko ambacho sijawahi kukisikia, kikubwa, cha mtu anayejishika mbavu. Akaja hadi ukutani, upande wa nje.

"Wewe kuku," akasema, bado anacheka, "baba ya Nasimiyu mwenyewe dawa yangu alikuwa anamwaga nyuma ya nyumba, ati chungu. Huyu amekunywa hata samli ya kifua asinivunjie heshima! Mwambie mwanangu nachemsha ingine. Na hii asipake."

Mwanangu.

Nikamnong'oneza kuku, "Asante, mama." Sidhani mama mkwe alisikia, lakini Nasimiyu, aliyekuwa amerudi ndani, alisikia, na safari hii hakucheka.

Nimekunywa ile nyingine, tamu, kali, imeniteremka mpaka tumboni. Sauti bado. Ikirudi kabla ya Jumapili, vema. Isiporudi, haya mafua na yakae tu.