Kibali cha Nyati

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila goti lina maneno yake. Tangu mama yako atutoke nyumba imepoa. Redio naiwasha nipate wa kubishana naye.

Msimu wa nyati unafunguliwa mwezi wa saba. Sisi wakazi vibali tunapewa kama kawaida. Njoo tuingie porini kama zamani.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, mgongo tu. Kufungua matairi ya malori si mchezo. Nimeulizia kibali. Kwa kuwa nakaa mkoa mwingine, eti mimi mgeni. Wageni wanachezeshewa bahati nasibu, na safari hii pia nimekosa. Mgeni, mimi niliyezaliwa hapo! Basi mwaka huu tena sitakuja.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Usivunjike moyo. Nimekuandikisha kuwa mkazi, unaishi na mimi. Bwana nyama, yule wa ofisi ya wanyamapori, atakuja kuhakikisha. Kitanda chako nimekitandika, viatu vyako vya zamani nimeving'arisha na kuviweka mlangoni. Hata jirani yetu fundi cherehani nimemfunda: akiulizwa, aseme unakoroma mpaka kwake hawalali. Wewe tulia tu, mzee wako mjanja.

Baba yako

11 Mei

Baba, shikamoo.

Mbona kimya? Goti linaendeleaje? Bosi anataka kujua kama naomba likizo au siombi. Kibali kimetoka?

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Afya ipo, uso ndio sina. Bwana nyama alikuja. Kitanda akakiona, viatu akaviona, na fundi cherehani akamkoromea kabisa, mfano hai. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma. Ikabaki kugonga muhuri tu. Ndipo akaniuliza, kwa wema wake, "Kwa hiyo mzee, hukai peke yako?"

Nikafungua mdomo niseme sikai. Nikasikia nasema, "Nakaa peke yangu. Huu mwaka wa sita." Sikuwahi kulitamka kwa mtu. Machozi yakanitoka mbele ya mtu wa serikali, aibu iliyoje! Akafunga faili, akamaliza chai yake, akaondoka.

Kibali chako hakuna. Lakini njoo, mwanangu. Kibali ni cha nyati. Kuja kumwona baba yako hakuna bahati nasibu.

Baba yako

20 Juni

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeirudia mpaka wenzangu kazini wakauliza kuna msiba gani. Ngoja nikwambie ukweli. Si nyati, baba. Porini tukinyamaza kutwa nzima, tunawinda. Nyumbani tukinyamaza, na mama hayupo wa kuongea katikati yetu, sijui tunafanya nini. Nikija bila bunduki tutabaki kuangaliana, na mimi naogopa. Kila mwaka nikikosa kibali roho inaniuma, halafu napumua. Nisamehe.

Mwanao

29 Juni

Mwanangu,

Kumbe tuko wawili! Hata mimi sijui tutaongea nini. Bunduki nilikuwa naisafisha mapema kila mwaka ili nipate la kukuandikia.

Kibali changu nimekirudisha. Mwaka huu nyati wapumzike. Njoo tuangaliane.

Basi la kutoka huko linafika mchana. Nitakuwa kituoni kila siku, mpaka msimu ufungwe.

Baba yako