Kobero Ejo

Jumapili, 3 Agosti 2025

Toleo la tisa limetoka! Dadu, jarida letu la mchezo wa visa na dadu, kurasa kumi na nane, bure kama kawaida. Nimelituma asubuhi kwenye vikundi vyote — Gitega, Bujumbura, Kigoma, hata kwa yule jamaa wa Bukavu anayecheza peke yake, maskini. Kisa kikuu ni cha Longino: msafara umepotea kwenye ukungu, na mlango haufunguki mpaka mchezaji mmoja ataje jina lake la kweli. Kizuri mpaka nimeona wivu. Safari hii nimeongeza picha za waandishi, ukurasa wa pili, na mstari mmoja wa maelezo chini ya kila picha.

Mchana tulikaa nyuma ya duka letu hapa Magarama, mtaani kwetu Gitega, kama kila Jumapili. Meza, karatasi, dadu, sambusa za Mama. Longino hakuja. Yeye ndiye msimulizi, bila yeye hakuna mchezo. Kaka yangu Nadir alirusha dadu peke yake, ko-ko-ko, mpaka nikamnyang'anya.

Jumanne, 5 Agosti

Longino ameona ujumbe wangu, hajibu. Nimeangalia simu mara ngapi sijui.

Saa kumi jioni akapiga mwenyewe. Sauti ya chini, Kiswahili chake kilichonyooka cha Kasulu alikokulia.

"Azmina, chini ya picha yangu umeandika nini?"

Nikamsomea. Longino, msimulizi, rapatriye kutoka Tanzania.

"Na chini ya yako?"

Azmina, mhariri, Gitega.

Akasema: "Kule nilikuwa mkimbizi. Nimerudi miaka kumi na tatu sasa, nalima Buraza, na bado mimi ni wa kurudishwa. Babu yako alitoka Gujarat. Nimewahi kuliandika hilo?"

Nikajitetea, eti ni sifa, wasomaji wanapenda kujua mtu katoka wapi. Upuuzi mtupu! Akakata simu. Neno lenyewe, mkimbizi aliyerudishwa kwao, hapa mjini tunalitupa tu, rapatriye huyu, rapatriye yule, kama kusema mrefu au mfupi. Sikuwahi kumtazama usoni ninapolisema. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Jumatano, 6 Agosti

Nadir haoni shida. "Unajisumbua bule. We ondoa ile neno, tuma tena, bas."

Nimeliondoa. Sasa niweke nini? Nikaandika mkulima, nikafuta. Nikaandika Buraza, nikafuta. Miaka minne tunacheza meza moja na sijawahi kumuuliza anajiita nani. Nimepanga rafu ya sabuni mara mbili. Siwezi kukaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Ujumbe saa moja asubuhi. Maneno mawili: Kobero ejo.

Basi! Nikampigia, simu imezimwa. Nikampigia dada yake Melania, Buraza. Kaondoka juzi na begi, anasema. Amepata kazi ya kufundisha Kabanga, Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Kobero. Alikuwa alale kwanza Muyinga kwa rafiki. Siku ya kuvuka hakumwambia.

Ejo! Kwa Kirundi ni jana na ni kesho pia, kitenzi ndicho kinachokuambia ipi. Na kitenzi hakuweka! Mtu ambaye kwake kesho ni kesho na jana ni jana, leo ananiandikia Kirundi. Makusudi kabisa. Ndivyo anavyomaliza kila mchezo: anaacha fumbo mezani, anavaa koti.

Kama ni jana, nimemkosa. Kama ni kesho, ninayo siku moja.

Mama hataki niende. Petroli imeadimika nchini; Nadir anauliza esansi iko wapi, ao nitaenda na miguu. Nitaenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Muyinga, saa sita mchana. Naandika gotini. Tulitoka Gitega alfajiri, watu tisa kwenye Probox moja, na hapa esansi imeisha. Dereva, Athumani, katuma watu na vidumu wakaitafute. Kobero si mbali na siwezi kufika!

Asubuhi nilimwandikia Longino: Nisamehe. Unajiita nani? Nitaandika hivyo hivyo. Alama moja tu, ujumbe haujafika.

Nikamsumbua Athumani tena.

"Haraka ya nini, dada? Nani iko anakungoja kule?"

Rafiki, nikasema. Ameandika ejo, sijui ni jana ao ni kesho.

Alicheka mpaka akashika boneti. "Ejo ni ejo! We kwenu ni wapi?"

Gitega.

"Non, non. Kwenu *kabisa*."

Nimezaliwa Gitega, nikasema. Mama yangu kazaliwa Gitega. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayengoja nimalize uongo. Hakuwa na ubaya wowote. Hata mimi sikuwa na ubaya.

Nimefungua faili, ukurasa wa pili. Chini ya picha yake pako wazi. Nimefuta Gitega chini ya yangu.

Honi. Lita tano imepatikana, Athumani anasema, tutafika ao tutasukuma. Napanda—

Alama mbili! Simu yake imewaka. Upande gani wa mpaka, sijui. Anaandika... ameacha. Anaandika tena