Niliuficha Ugonjwa wa Kabula

Jumanne, Tinde, nyumbani kwetu. Mawingu yamefunga tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Jana tulimzika mdogo wangu, Kabula.

Nataka kuandika ukweli kabla sijaupamba.

Kabula alikuwa na kifafa tangu darasa la tano. Dawa alikuwa anameza kila siku. Alipohamia kwangu Geita na kuanza kupikia wachimbaji, kilimwangusha mara mbili tu mwaka mzima. Zote nilikuwepo. Nilimlaza ubavu, nikamwekea kanga chini ya kichwa, nikasubiri mpaka akazinduka.

"Dada, niwaambie wenzangu pale gengeni? Je, ikitokea hupo?"

Nikamkatalia. Kulikuwa na kijana aliyetaka kumchumbia. "Ukisema, hakuna atakayekuoa, wala atakayekula chakula chako."

Hakuwaambia. Alikuwa ananitii kama mama yake.

Alhamisi mchana, nikiwa sokoni, alianguka kifudifudi kwenye dimbwi la maji ya kuoshea vyombo. Maji yenyewe hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu. Watu walikuwa wengi, lakini mmoja akapiga kelele, "Msimguse, hilo povu la kifafa linaambukiza!" Wakarudi nyuma wote.

Nilipofika nikamgeuza. Alishakufa.

Si watu wabaya. Wamechangishana wakakodi gari kuja kumzika. Hawakujua kwamba kifafa hakiambukizi, kwamba kumgeuza tu kungetosha. Mtu wa kuwaambia nilikuwa mimi.

Leo, tukichambua mchele, jirani mmoja akauliza, "Mama Neema, hivi mdogo wako alikuwa anaumwa nini?" Shangazi akanikata jicho ninyamaze.

"Kifafa," nikasema.

Wote wakainamia nyungo zao.

Baadaye jirani yule akanifuata nyuma ya zizi, amemshika mkono binti yake wa miaka kama sita. Akanong'ona, "Na huyu wangu anacho. Hata baba yake hajui. Kikimshika huwa namtia kijiko mdomoni."

"Usimtie kitu chochote mdomoni, mama. Wala usimkandamize. Ondoa vitu vya kumuumiza, mgeuze ubavu, kaa naye. Kikizidi dakika tano, mkimbize hospitali."

Nikatandika kanga kwenye majani, nikamlaza mtoto ubavu taratibu, mama yake aone.

Mtoto akacheka. Alidhani ni mchezo.

Nikalia pale pale, mbele yake. Ilikuwa rahisi kiasi hiki, na mimi nikawanyima watu wa gengeni?