Samaki wa Darasa la Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Wakaguzi wanakuja kesho! Mkuu wa shule kapita darasani, kachungulia tangi la samaki, kakunja pua. Maji ya kijani hivi, mwalimu, wageni watadhani tunafuga vyura. Watoto wakacheka. Nami nikacheka, kicheko cha nje tu.

Walipokwenda nyumbani nikamwaga maji yote. Nikasugua vioo mpaka jasho likanitoka, nikajaza upya moja kwa moja kutoka bombani. Najua — mimi ndiye niliyewafundisha! — maji hubadilishwa kidogo kidogo, na ya bomba yalale kwanza kwenye ndoo, dawa ya kusafishia maji itoke, isiwadhuru samaki. Lakini yalale saa ngapi, na wageni ni kesho? Tangi linang'aa. Nimejisifu peke yangu.

Jumanne, 5 Machi

Wamekufa. Wote! Matumbo juu, na wageni wako mlangoni.

Watoto wanalia. Mkuu ananitazama. Mkaguzi, mama mpole mwenye miwani, akauliza kumetokea nini. Na huu mdomo wangu — sijui nani aliutuma — ukasema huenda wamelishwa kupita kiasi. Zamu ya kuwalisha ilikuwa ya nani? Darasa zima likageuka. Ya Waziri.

Waziri wa Maji ndilo jina walilompa wenzake, maana huyu binti haruhusu mtu hata kugonga kioo. Akasema kaweka kiduchu tu, kama siku zote. Nikamwambia, kwa upole eti, labda mkono uliteleza.

Mkaguzi akasifu: somo zuri la uwajibikaji. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatano, 6 Machi

Waziri hakuja. Wenzake wanamwita muuaji. Nimewakaripia. Kwa nini wasimwite hivyo, sikuwaambia.

Alhamisi, 7 Machi

Hajaja tena. Nimemweleza mume wangu. Akacheka: samaki tu hao, nunua wengine, funika kombe mwanaharamu apite. Na mtoto je? Akaongeza sauti ya redio.

Nimefundisha miaka yote hii kwamba kiumbe hai ni dhamana. Mwongo mkubwa mimi. Nimemtoa mtoto wa watu kafara ili mkuu asininunie! Kesho nasema. Kwa mkuu kwanza. Au kwa watoto kwanza? Kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Wamekuja kabla ya kengele, Waziri na bibi yake. Bibi kainama kunisalimia — mimi! Umri wa mama yangu.

"Mwalimu, tusamehe. Siku mbili mtoto anakataa kosa. Mimi uongo siuwezi, nikamchapa. Jana usiku ndiyo kakubali."

"Bibi, ngoja kidogo..."

"Hapana, mwalimu, asikuonee haya. Sema, mama."

Waziri akaangalia viatu vyake. Akasema kweli alizidisha chakula. Akafikiri kidogo, akasema hakumbuki kuzidisha, ila lazima alizidisha, kwa sababu mwalimu kasema.

Bibi anataka akiri mbele ya darasa, aibu imtoke. Nikasema sawa, ngoja nichukue chaki. Chaki ninayo mkononi! Nimejifungia humu ofisini, naandika upuuzi huu badala ya kufungua mlango.

Kengele inalia. Watoto wanaingia darasani, viti vinaburuzwa. Nawasikia hao wawili koridoni, nje ya mlango huu huu. Waziri anafanya mazoezi. Mimi ndiye niliyewaua samaki wetu. Bibi anamwambia rudia, mama, kwa sauti, wa nyuma nao wasikie.